Mpeleka Mikate Aliyekalishwa Chumba cha Biskuti

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, trei ya kwanza inatoka kwenye tanuri na kuteremshwa juu ya meza ndefu ya bati. Chumba kizima kinajaa harufu ya siagi na sukari iliyoungua kidogo pembeni. Mwanamke aliyeketi mwisho wa meza, mguu wa kushoto kaunyoosha juu ya kreti lililopinduliwa, anafumba macho kwa muda mfupi. Kisha anayafumbua, anavaa glavu na kuanza kazi.

Biskuti kumi na mbili kwa kila pakiti. Anazipanga, anakunja karatasi, anaibana kwenye mashine ya kuziba, anasukuma pakiti pembeni. Mikono yake haisiti. Kinachohangaika ni mdomo: anatafuna kipande cha karoti kama mtu anayetafuna hasira.

"Usinione nimetulia," anasema bila kuinua uso. "Hapa napigana vita."

Wenzake wanamwita Mama Upepo, na jina hilo hakuliokota. Kwa miaka kumi na mmoja mama huyu wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, alikuwa akipeleka mikate madukani kwa baiskeli. Mikate themanini nyuma, mfuko wa skonzi mbele, zaidi ya kilomita thelathini kwa siku, na vilima viwili ambavyo vijana wenye pikipiki huvilalamikia. Mwenye duka alikuwa akisikia breki, na akigeuka anaona mikate iko mezani, Mama Upepo keshafika kona.

Miaka yote hiyo alikula alichotaka. Chai yenye vijiko vinne vya sukari, skonzi mbili njiani, biskuti mfukoni. Nguo aliyoshonewa alipoajiriwa iliendelea kumtosha.

"Nilikuwa kama tanuri lenyewe," anasema. "Chochote ukitia kinaungua."

Miezi minne iliyopita, asubuhi ya mvua, mlango wa gari lililoegeshwa ulifunguliwa ghafla mbele yake. Aliukwepa, gurudumu likateleza kwenye ukingo wa barabara, na baiskeli ikamlalia mguuni na mzigo wake wote.

"Nilikaa kwenye maji nikaanza kuokota mikate," anakumbuka. "Nilikuwa nafikiria wateja. Sikujua mguu umevunjika mpaka nilipojaribu kusimama."

Kifundo kilikuwa kimevunjika mahali pawili. Alitiwa skrubu, akafungwa plasta kwa wiki nane, akaambiwa asahau baiskeli kwa angalau miezi mitano. Mume wake ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kipato chake peke yake hakikutosha. Wiki ya tatu, mwenye kiwanda hicho cha mikate na biskuti, mwanamke wa makamo ambaye wafanyakazi wote humwita Bibi Unga, alifika nyumbani kumjulia hali.

"Upepo, kilichovunjika ni mguu," alimwambia. "Mikono bado mizima. Njoo ukae ufunge biskuti, mshahara wako usikatike."

Ulikuwa wema mkubwa, na Mama Upepo hauchukulii kirahisi hata leo. Lakini anacheka anapousimulia. "Alinisaidia, Mungu ambariki. Ila ndiyo ile ya kumpa fisi bucha alinde."

Kiwandani kuna utaratibu wa zamani. Biskuti zinazovunjika haziuzwi, hutupwa kwenye kapu na kila mfanyakazi anaruhusiwa kula. Kapu hilo lilikuwa pembeni mwa kiti chake, umbali wa kunyoosha mkono.

"Kipande hakihesabiki," anaeleza. "Unakula kipande, unajiambia hujala biskuti. Unakula kingine. Nani ataleta mzani? Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni mimi."

Mwili wake, anasema, haukupewa taarifa kwamba ameanguka. Uliendelea kudai chakula cha mtu anayepanda vilima viwili. Na palipokuwa na maumivu, au hofu kwamba huenda asipande tena baiskeli, utamu wa biskuti ulinyamazisha vyote kwa dakika tano. Dakika ya sita vilirudi, na mkono nao ukarudi kwenye kapu.

Ndani ya wiki saba tangu aanguke alipanda kutoka kilo sitini na tatu hadi sabini na mbili. Plasta ilipotolewa, alipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtu mpole anayependa kusema ukweli akitabasamu.

"Mama, mguu huu unaubebesha mzigo ambao haukuwa nao siku ulipovunjika," alimwambia. "Utachelewa kupona, na utauma zaidi."

Siku hiyo hiyo alipimwa damu. Sukari ilikuwa imeanza kupanda. Haijawa ugonjwa, daktari alimwambia, lakini njia inaelekea huko.

Maneno hayo yalimchoma mahali anapopajua. Dada yake mkubwa anaishi na kisukari, na miaka miwili iliyopita alikatwa vidole viwili vya mguu. "Kidonda kile nilikuwa nakifunga mimi, kwa mikono hii," anasema, akiitazama. "Nilitoka hospitali nimeapa sitagusa tena. Nikafika kituo cha basi, nikafungua mkoba, nikala pakiti nzima nikiwa nalia."

Kuanzia hapo alianza kujificha. Kazini, mbele za watu, alikataa hata kipande. Lakini alinunua pakiti mbili kila jioni, akazificha chini ya mablanketi yaliyokunjwa kabatini, akala mlango ukiwa umefungwa. Karatasi tupu alizisukuma nyuma ya kitanda.

Jumamosi moja mume wake alisogeza kitanda ili akaze bawaba iliyolegea. Karatasi zilimwagika sakafuni. Alizihesabu: kumi na tisa. Akamwita kitinda mimba wao, msichana wa miaka saba anayejulikana mtaa mzima kwa kupenda vitu vitamu.

"Nani kala hizi?" aliuliza.

"Si mimi, baba."

"Sasa ni panya wanaofungua pakiti na kukunja karatasi?"

Mtoto alilia, akaapa, akazidi kuonekana mwongo. Baba yake akamwambia asitoke kucheza siku mbili, si kwa biskuti bali kwa kusema uongo. Mama Upepo alikuwa mlangoni, kaegemea magongo yake, anasikia kila neno.

"Nilinyamaza," anasema. Anaacha kufunga. Ni mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake inasimama. "Mtoto wangu aliniangalia, akitegemea mama yake atasema kitu. Nikageuka nikaenda jikoni. Mguu ulivunjika barabarani, sikulia vile nilivyolia jikoni."

Mchana ule alishindwa kula chochote. Jioni, familia ilipokaa mezani, mtoto akiwa bado na macho mekundu, Mama Upepo aliweka kijiko chini.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Zote kumi na tisa. Na zingine ziko chini ya mablanketi."

Mume wake alibaki na tonge mkononi. Binti mkubwa, mwenye miaka kumi na saba, aliinamisha kichwa. Aliyesema wa kwanza ni yule mdogo.

"Sasa mama, kwa nini hukuniambia? Ningekusaidia kuzificha vizuri."

Walicheka mpaka wakatokwa machozi, na kwa Mama Upepo machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Aliomba msamaha kwa mtoto, mbele ya wote. Baba naye akaomba wake. Kisha akamwambia mkewe neno ambalo Mama Upepo anasema hatalisahau.

"Mwili niliuona unaongezeka, nikakaa kimya nisikuudhi. Sikujua unapigana peke yako."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mama Upepo anaona yeye alibahatika: kilio chenyewe kilikuwa cha mtoto, na kilikuja mapema.

Jumatatu alimweleza Bibi Unga kila kitu. Bibi Unga alishika kichwa. "Na mimi ndiye niliyekuweka hapo!" Alitaka kumhamishia stoo ya unga, lakini stoo ina ngazi. Suluhisho lilitoka kwa mwokaji mkuu, mzee wa miaka sitini anayeitwa Fundi Moto, ambaye aliwahi kuvuta sigara kwa miaka ishirini kabla ya kuacha.

"Usijitie ushujaa," alimwambia. "Mimi nilipoacha, kwanza nilihama kwenye benchi la wavutaji. Nguvu ya kukataa ni kidogo, usiitumie siku nzima."

Akalibeba lile kapu mwenyewe, akaliweka upande wa pili wa chumba, nyuma ya mifuko ya sukari.

"Ukiwa na magongo, kufuata kipande cha biskuti ni safari," Mama Upepo anasema. "Ukifika katikati unajiuliza: hivi kweli, mimi na akili zangu?"

Mtaalamu wa viungo naye alimpa mazoezi ya kufanya akiwa amekaa. Anashika chupa mbili za maji, anazinyanyua juu ya kichwa mara kumi na tano, anapumzika, anarudia. Anaunyoosha mguu mzima na kuushusha polepole. Mwanzoni aliona ni mchezo wa watoto. "Mtu aliyebeba mikate themanini mlimani umpe chupa ya maji?" Siku ya pili hakuweza kuchana nywele kwa maumivu ya mabega, akaacha kudharau.

Nyumbani, binti mkubwa alibandika karatasi ukutani akamwomba mama yake aandike kila hamu inapomshika: saa ngapi, na alikuwa anafanya nini. Baada ya siku kumi waliisoma pamoja. Hamu haikuja ovyo. Ilikuja saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, karibu kila siku, hata kama alikuwa ametoka kula.

"Binti akaniuliza, mama, saa nne ulikuwa unafanya nini zamani?" anasimulia. "Nikafikiri. Saa nne nilikuwa nafika duka la juu ya kilima, la mwalimu mstaafu. Ananipa maji, tunaongea dakika tano. Saa tisa nazunguka kukusanya trei tupu, kila duka lina habari yake. Nikagundua si njaa. Nilikuwa nimewakosa watu."

Kesho yake, saa nne ilipofika na mate yakaanza kumjaa mdomoni, alitoa simu akampigia mwalimu mstaafu.

"Upepo! Uko hai?" sauti ilifoka upande wa pili. "Huyu mnayemtuma siku hizi hata salamu hana. Anatupa mikate kama anarusha matofali."

Walizungumza dakika kumi. Alipokata simu, alikuwa ameandika oda ya mikate sita ya ziada, na hamu ilikuwa imepita bila yeye kuiaga. Saa tisa alipigia duka jingine. Wiki iliyofuata Bibi Unga, aliyekuwa akimsikiliza kupitia dirisha la ofisi, alimletea simu ya kiwanda na daftari jipya. Sasa Mama Upepo hupokea oda za maduka yote aliyokuwa akiyapelekea, na matano ambayo kiwanda kilikuwa kimeyapoteza yamerudi.

Hataki mtu aandike kwamba ameshinda. Alhamisi iliyopita mguu uliuma tangu asubuhi, mvua ikanyesha, na kufika jioni alikuwa amekula biskuti nne za krimu. Alifika nyumbani akatangaza mlangoni kabla hata ya kuvua kiatu. Kitinda mimba akazirekodi kwenye karatasi ya ukutani kwa kalamu nyekundu, akamuuliza kwa sauti ya kidaktari, "Nne tu? Una uhakika?"

Lakini mzani umeanza kumsikia. Ndani ya wiki sita amepungua kilo nne. Kipimo cha mwisho cha sukari kilikuwa chini kuliko cha kwanza, na daktari amemwambia aendelee hivyo hivyo. Gongo moja ameliacha nyumbani.

"Kila mtu mwenye jeraha anaambiwa tulia," anasema mtaalamu wake. "Hatumwambii kwamba kutulia nako kuna kazi yake. Huyu mama amejifunza, na sasa wagonjwa wangu wengine nawasimulia habari zake, kwa ruhusa yake."

Baada ya wiki tatu atapigwa picha nyingine ya mguu. Mfupa ukiwa umeshika, ataruhusiwa kukanyaga pedali bila mzigo. Ameshapanga na Bibi Unga: asubuhi atabaki na simu, mchana atachukua barabara fupi ya tambarare na mikate kumi, kisha ishirini, mpaka mwili ukubali. Kilima cha mwalimu mstaafu amejiwekea kama zawadi ya mwisho wa mwaka.

Na biskuti? Mama Upepo anaitazama trei iliyo mbele yake. Zimepoa, rangi imekolea.

"Watu wananiuliza kama nitaziacha kabisa. Nikisema ndiyo nitakuwa nadanganya, na uongo nimechoka nao," anasema. "Ninachotaka ni siku moja nikae mezani na wanangu, nile moja, wote wananiona. Nifunge pakiti. Halafu tuendelee na mazungumzo."