Sauti Iliyokataa Kusikika

Mwishoni mwa miaka ya tisini, ofisi moja ya kompyuta mjini Garissa ilipata intaneti, nasi tukapanga foleni kuishangaa. Mbele yangu aliketi mama mmoja kutoka Ijara. Mwanawe aliyekuwa ng'ambo alikuwa amemwekea sauti yake kwenye tovuti.

Ukurasa ukafunguka polepole. Ikaja picha ya kijana, na chini yake kisanduku cha kijivu, kimya.

"Hooyo, mama yangu, sauti hii inataka programu ya kampuni iliyoitengeneza," mwenye ofisi akamwambia. "Bila hiyo haisikiki."

Akajaribu kuipakua, laini ya simu ikakatika. Akarudia, ikakatika tena.

Mama akakigonga kile kisanduku kwa kidole, kama anayebisha hodi. "Kaseti yake ilikuwa nasema kwa redio ya mtu yeyote," akasema. "Yangu, ya jirani, ya duka. Wallahi, hakuna redio ilikataa. Nani amefungia mtoto yangu huko ndani?"

Akajitanda shungi, akainuka. "Mwambie atume kaseti."

Sote tulizijua kaseti zile walizorekodi na kututumia walio ng'ambo: salamu kwa shangazi, kwa wajomba, mpaka kwa ngamia, na majirani wamejaa uani wakisikiliza.

Enzi hizo kila kampuni ilitaka tununue sikio lake. Leo simu yoyote hucheza sauti bila masharti, na ile programu ilishazikwa pamoja na yote iliyoyafungia. Lakini kaseti ya yule kijana, kama mkanda haujakatika, bado inamsalimu ngamia.