Simba wa Ukutani kwa Febronia

Febronia alikuwa akifua nguo za Mzungu mmoja mpima ardhi, huku Mtinko, miaka ya kabla ya vita vya Hitla. Watu walimwita Bwana Kipima. Mume wa Febronia alikwisha kufa, na binti yake wa pekee, Dina, alikuwa ameshachumbiwa.

Vita vilipoanza, Mzungu aliitwa jeshini. Siku ya kufunga mizigo alimpa Febronia karatasi kuukuu, kila moja kubwa kama ngozi ya mbuzi, rangi ya samawati iliyofifia. Zilikuwa ramani za nyota, zilizochorwa zamani sana, na kazini hazikumfaa tena. Kila kundi la nyota lilizungushiwa umbo la kiumbe: nge, fahali, mtu aliyeshika nyoka, simba. Mzungu akamwonyesha nyota chache begani kwa fahali. "Kilimia," akasema, neno alilolisikia kwa wakulima, wanaozitazama nyota hizo wajue majira ya kupanda. Mengine hakueleza, na Febronia hakuuliza.

Alipika uji mzito wa uwele, akazibandika karatasi kwenye kuta zote za chumba cha mbele. Wakwe wa Dina walipofika kutoka Ilongero walisahau hata kuketi.

"Hata kwa mtemi sijaona nyumba ya namna hii," mmoja akasema.

Kwa miaka saba wanawake waliotoka kisimani walipitia kwake kutazama. Jirani yake Sara alizoea kumsalimia simba, "Umeamkaje, bwana?" kisha wanacheka wote wawili. Mvua zikikaribia, Febronia alipanda juu ya paa bapa la tembe yake kuongeza udongo, maji yasije yakashuka kwenye karatasi.

Ndipo watu wakaanza kuuawa mashambani. Maiti zilikutwa na alama za kucha, lakini wengi walisema si simba wa porini. Ni watu waliovishwa ngozi, na wapo wanawake wanaowafuga majumbani. Kila kijiji kilimtafuta mwanamke wake.

Mughwai, mume wa Sara, alikutwa amekufa mchana katika mtama wake. Baada ya maziko Sara alikuja, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mama Dina, simba huyu ni wa nani?"

"Sara, umemwona miaka yote hii. Ulikuwa unamsalimia."

"Nilikuwa mjinga," Sara akasema, akaondoka.

Febronia alikaa siku mbili akiwaza. Akimwacha simba pale, huo ni ushahidi. Akimbandua, watasema anaficha. Asubuhi ya tatu akaona afadhali ambandue. Uji ulikuwa umeshika sana. Karatasi ilitoka vipande vipande pamoja na udongo wa ukuta, pakabaki shimo. Akaliziba kwa udongo na samadi, lakini kiraka kilionekana hata kutoka njiani.

Kesho yake maneno yalikwisha kuenea: amemfungulia simba wake.

Jumbe alikuja na askari wawili. Alikuwa mtu aliyekula kwake mara nyingi, na sasa hakumtazama usoni.

"Mama, hivi vitu ni nini?"

"Ni nyota, jumbe."

"Nyota zina pembe? Zina mkia wenye sumu?"

"Ni michoro tu. Tazama hapa, hiki ni kilimia. Kilimia si unakijua?"

Jumbe alitazama vitone vile begani kwa fahali, akatikisa kichwa. "Na simba yuko wapi?"

Febronia akaonyesha kiraka ukutani. Wakamchukua hadi bomani Singida.

Alikaa mahabusu miezi mitano. Kila alipoulizwa nani alimpa karatasi zile, alijibu, "Bwana Kipima." Jina lake hasa? Hakulijua. Yuko wapi? Alikwenda vitani. Waliandika, na wiki iliyofuata wakauliza tena yaleyale. Siku moja akaambiwa aende zake. Hakuambiwa kwa nini alishikwa wala kwa nini ameachiwa.

Dina alikuja kumpokea. "Tusipite Mtinko, mama," akasema. Watu walikuwa wameng'oa miti ya tembe, na karatasi zote zimechomwa. Wakaenda moja kwa moja Ilongero, na huko Febronia akaishi kwa binti yake.

Mauaji yalikoma mwaka uliofuata. Hakuna aliyefika kumwomba radhi, naye hakujua aanzie wapi kudai.

Miaka ilipita. Siku moja Sara alikuja Ilongero kwa ndugu zake, wakakutana kisimani.

"Za siku nyingi, Mama Dina."

"Nzuri. Na wewe?"

Sara aliinama, akamtwisha mtungi. Maji yakamwagikia nguo za Febronia. Kisha Sara akageuka akaenda.

Nyumbani Dina aliona nguo zimelowa, akauliza. Febronia akamsimulia.

"Alisema nini?"

"Alinitwisha mtungi," Febronia akajibu. Akatua mtungi, akaketi kuchambua mlenda.