Marsiana na Wastani wa Dakika Nne

Nitakaloandika hapa hamtaliamini, na siwalaumu. Hata mimi, niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha, nilibisha.

Marsiana, binti wa kaka yangu, ndiye msimamizi wa kisima chetu hapa Murukulazo. Kwenye foleni ya madumu hana ndugu. Siku moja nilipenyeza dumu langu mbele, akalibeba mwenyewe huku akiniamkia kwa adabu zote: "Shikamoo baba mdogo. Nyuma kule."

Mwezi uliopita sola yake ya mkopo ilijifunga yenyewe, na mashine ya kutotolea vifaranga inayotumia umeme wake ina mayai ya siku kumi na nane. Asipopewa namba za kuifungua, yanapoa, yanakufa. Akayafunika blanketi, akapiga simu huduma kwa wateja ya kampuni ya sola. Mama mmoja mwenye sauti ya asali akasema: "Muda wa kusubiri kwa wastani ni dakika nne." Kisha muziki.

Dakika ya nne nikamwambia ajiandae. Dakika ya ishirini, asali ileile: wastani, dakika nne.

"Huyu mama mwongo!"

"Si mwongo, baba mdogo. Kisimani asubuhi unasubiri saa nzima. Mchana wa jua kali unachota na kuondoka. Ukijumlisha ukagawa, unapata nusu saa. Haya, nionyeshe aliyesubiri nusu saa."

"Hayupo."

"Na aliyechoka akaondoka na dumu tupu, nadhani hawa wa simu wanaandika alisubiri dakika mbili tu."

Nikatikisa kichwa kisomi. "Kwa hiyo sisi ni wa asubuhi."

"Sisi ni wa asubuhi. Na ni saa nane mchana."

Basi akafanya kama kisimani, ambako dumu hubaki kwenye foleni na mwenyewe huenda kwenye shughuli zake. Akaiweka simu juu ya kigoda, sauti yote, mlinzi mimi. Yeye akaenda kuchemsha maji ya kutia kwenye chupa, azipange kando ya mayai. Jirani yetu Niyonsaba akapita, akanikuta nimekaa wima mbele ya muziki.

"Mzee, harusi ya nani?"

"Bibi harusi anakuja baada ya dakika nne," nikamjibu. "Tangu saa nane."

Dakika ya hamsini na saba, akapokea kijana mmoja. Namba zikapatikana, taa ikawaka, na sasa vifaranga thelathini na mmoja wananidonoa vidole vya miguu ninapoandika. Marsiana yuko hapa anawawekea maji, nami namsomea kila mstari apate kujivunia ukoo wake. Maana namba nilizipata mimi! Nilimfokea kijana yule mpaka simu ikachemka. Nikamuuliza, unajua unaongea na nani? Akatetemeka, akawaita wakubwa zake, wakapanga foleni kuniomba radhi, na mkubwa kuliko wote akaniambia kwamba mimi—

"Baba mdogo! Mtoto wa watu alisema 'haloo' tu, ukasimama, ukavua kofia, ukamwambia shikamoo!"