Usiuambie Mti Kwamba Unapita

Siku moja imekataa kunitoka kichwani, mwanangu, na kila nikiikumbuka hucheka kwanza, kisha nikawaza. Ni siku ile Akoth, mke wa Otieno, alipofika kwenye lango la bustani ya mji kule Nairobi akimletea mumewe chakula. Alimkuta Shaban anasukuma toroli. Akamuuliza kwa adabu, "Shemeji, Otieno yuko wapi?" Shaban, bila hata kusimama, akamjibu, "Otieno? Amekauka upande wote wa kulia, mama. Mchwa wamemmaliza. Tunamkata Jumatatu."

Akoth alitupa bakuli, akajitupa na yeye chini. Kilio alichopiga kilisimamisha watu hadi barabarani. Otieno mwenyewe akatoka mbio nyuma ya banda la miche, matope mpaka magotini, anauliza, "Nani amekufa? Jamani, nani amekufa?" Mkewe alipomwona alinyanyuka akamchapa kofi. "Kumbe uko mzima! Uko mzima na unaniacha nilie mbele ya watu hivi!" Tulicheka mpaka wengine wakakaa kwenye nyasi. Otieno alishinda njaa siku hiyo, maana ugali ulikuwa umeliwa na mchanga.

Mama yako Nekesa ndiye anayeyaandika haya kwenye simu, Nafula, hapa kwake Al Mansoura, mdogo wako mchanga akiwa amelala. Mimi bibi yako, kukhu wako, nasema, yeye anabonyeza. Kalamu mimi sikuizoea, unajua. Nimekaa siku kadhaa nikilitafuna lile neno ulilonijibu Ijumaa kwenye bustani yenu hapa Doha, nikaona nisipolitoa litanikaba. Lakini usiniharakishe. Nitafika.

Shaban hakuwa mtu wa dhihaka, nisije nikamsingizia. Bustani ile ilipandwa na Wazungu wakati wa ukoloni, na kila mti waliutundikia kibati chenye jina la kwao, refu, la kutegua ulimi. Mimi shule niliiacha darasa la pili, lakini hata walionizidi masomo hawakuyaweza majina yale. Basi wafanyakazi walikuwa na desturi yao. Ukikabidhiwa mche, ukautunza mpaka uweze kumtilia kivuli mtu aliyeketi, mti huo unaitwa kwa jina lako. Asubuhi kazi zikigawanywa ungesikia, "Kamene ana kiu. Mutiso apunguzwe matawi. Wambui ameegemea ukuta, afungwe kamba." Na Wambui mwenyewe amesimama palepale na jembe lake, anacheka. Majina hayo yote ninayo hadi leo, ya watu na ya miti. Ukitaka nikutajie, niandalie chai kwanza.

Nyapara wetu alikuwa Mama Kalekye. Mwanamke mrefu, kitambaa cheupe kichwani, sauti ndogo kuliko ulivyotarajia. Alianza kufagia vijia vya bustani ile wakati Wazungu bado wanatembeza mbwa wao humo na Mwafrika haruhusiwi kuketi kwenye benchi. Fikiria hilo. Ulisafishe benchi kila asubuhi na usilikalie. Uhuru ulipokuja, alikuwa wa kwanza kulikalia, akala muhogo wake pale mpaka ukaisha, halafu akarudi kazini.

Mimi nilikuwa msichana, nimetoka Bungoma si muda mrefu, nangoja kazi ya kiwanda cha nguo niliyoahidiwa. Mama Kalekye akanipeleka kwenye mteremko wa chini, unaotazama njia ya kwenda kliniki, akanikabidhi mche. "Huu ni wako. Ukikua, utaitwa Nanjala."

Nikamwambia, "Mama, usiupe jina langu. Mimi hapa napita tu."

Aliyenijibu ni Otieno. "Wenzangu mmesikia? Tuna mgeni wa heshima! Mleteeni kiti jamani, anapita tu!" Kuanzia siku hiyo jina langu lilikuwa Napita. "Napita, lete karai. Napita, ficha panga, mvua yaja." Nilikasirika siku za kwanza, baadaye nikaitika.

Lakini mvua yenyewe haikuja. Vuli ilipita kavu, na masika yakaanza kusuasua. Mji ukafunga mfereji wa bustani ili watu wapate maji ya kunywa, na hilo hakuna aliyelilaumu. Halafu akaja afisa mmoja. Jina lake nalijua vizuri, sitalitaja, ana wajukuu na hawana kosa. Alisimama juu ya ule mteremko, mikono mfukoni, akasema miche ile ikifa, sehemu hiyo itasawazishwa iwe ya kuegesha magari.

Uelewe palikuwa mahali gani. Akina mama waliotoka mbali wakienda kliniki na watoto wagonjwa hawakuwa na pengine pa kupumzika. Walikuwa wakiketi pale, kwenye kivuli chembamba cha miti michache iliyokuwapo, wananyonyesha, wanabadilisha nepi, ndipo waumalize mlima. Miche yetu ndiyo ingekuwa kivuli chao.

Mama Kalekye akamuuliza, "Na mvua ikinyesha ikiwa hai, bwana?"

Afisa akacheka. "Ikiwa hai, mama, nitakuachia."

"Haya. Wameshuhudia hawa wote." Akatuonyesha mmoja mmoja, akatutaja majina.

Tukaanza. Wanawake wa sokoni, pale chini, walikubali kutuachia maji waliyooshea sukuma wiki. Tuliyabeba kwa mikebe, tunapanda nayo. Mama Kalekye alitufundisha kutoboa mkebe chini kwa msumari, tundu dogo sana, tukauzika nusu karibu na shina ili maji yashuke tone kwa tone mpaka kwenye mizizi. Ukimwaga juu, jua linakunywa kabla ya mti.

Sasa mimi na ujana wangu. Shingo inauma, mabega yamechubuka, na barua ya kiwanda naitazamia wakati wowote. Siku moja nikaweka mkebe chini nikasema, "Mama, wabebe wanaobaki. Mwezi ujao huenda mimi sipo."

Wenzangu wakageuka kunitazama. Mama Kalekye aliushusha mkebe wake taratibu, akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye mche wangu. Majani yalikuwa yamejikunja kama masikio ya mbuzi aliyenyeshewa.

"Uambie," akasema.

"Niambie nini?"

"Uambie huu mti kwamba unapita. Uambie uvumilie kiu mpaka aje mwingine asiyepita."

Nikasimama. Nilijiona mjinga, nikatazama chini.

"Mbona kimya, Nanjala? Una midomo, sema nao." Na sauti ile ndogo haikupanda hata kidogo. "Mti hauna habari kama wewe ni mgeni au mwenyeji. Unachojua ni kama umekunywa. Na yule mama atakayefika hapa na mtoto wa homa mgongoni, hataulizia wewe ulikaa miaka mingapi. Atatafuta kivuli. Mimi nimesafisha mabenchi ya watu walioniona kama ufagio. Unadhani sikuwa napita? Sote tunapita. Kazi ndiyo haipiti. Chukua mkebe."

Nikachukua mkebe.

Ningependa nikuambie mche wangu ulipona. Ulikufa, Nafula. Nilikuwa nimeuacha kiu muda mrefu, na wiki ile ya kuubembeleza haikutosha. Niliung'oa mwenyewe, nikakaa na shimo lile mbele yangu. Mama Kalekye alipita, akanitupia macho, akasema, "Shimo liko wazi," akaniletea mche mwingine. Huo niliunywesha asubuhi na jioni, nikauwekea kipande cha gunia upande wa jua. Mvua iliponyesha tulikuwa kwenye mteremko ule, hakuna aliyekimbia kujikinga. Shaban alikuwa ameinua uso juu na kinywa wazi kama kifaranga. Afisa alikuja baadaye na viatu vyake vizuri, akakuta mteremko umesimama kijani isipokuwa mapengo machache, akaguna, akaondoka. Lakini alitimiza neno lake, nalo namhesabia.

Kiwanda hakikuniita kamwe. Aliyeniita ni babu yako, tukarudi Bungoma, na nilipoaga, mti wangu bado haukuweza kumtilia kivuli hata kuku. Niliuacha mikononi mwa msichana mgeni aliyeitwa Wanza. Miaka ikapita. Nilipita Nairobi tena, mama yako mgongoni, nikaenda kuitazama bustani. Mti niliukuta mkubwa, umetanda, watu wamejaza kivuli chake. Nikaketi na wao. Mwanamume mmoja akasimama, akamwambia mwenzake, "Basi kesho tukutane hapahapa, kwa Wanza."

Kwa Wanza. Iliniuma, sitakuficha. Nilitaka kusema, jamani, shimo hili nililichimba mimi. Halafu nikamshusha mama yako, nikamlaza kwenye kanga, naye alikuwa amelia njia nzima, akalala papo hapo. Kivuli kilikuwa baridi vilevile.

Sasa nimefika kwako.

Ijumaa ulinitembeza bustani yenu, nikafurahi mno. Umesomea kazi ambayo mimi niliifanya kwa kuelekezwa. Nikaona ile njia ya pembeni ambako vijana wa mtaa wa Najma huja kuketi siku yao ya mapumziko, Wakenya, Waganda, Wanepali, kila mmoja na simu yake anaongea na kwao. Wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta. Na kando ya njia hiyo kuna safu ya mikunazi michanga, ile ambayo Waarabu wanaiita sidri, ncha zake zimeanza kuwa kahawia. Nikakuuliza, hii vipi?

Ukasema, "Vichwa vidogo vya mabomba ya kumwagilia vimezibwa na chumvi, kukhu. Nimeripoti, fundi hajaja."

"Vinazibuliwa kwa kitu gani?"

"Unavifungua, unavilowesha kwenye siki, unavisugua, unavirudisha. Ni kazi ya asubuhi kadhaa. Lakini mimi kontrakti yangu inaisha kabla ya baridi, na joto lenyewe ndilo hili linakuja. Atakayekuja baada yangu atajua. Mimi hapa napita tu."

Nilishika mkono wako nikasema jua limekuwa kali, turudi. Sikuwa nimechoka na jua. Nilikuwa nimemsikia msichana mmoja wa zamani akiongea kwa kinywa chako.

Najua wenzako wanakutania, "Nafula, ulivuka bahari kuja kumwagilia maua?" Najua mji huu si wako, na karatasi zako zina tarehe ya mwisho. Sikudanganyi kwamba watakushukuru. Pengine hakuna atakayejua ulikuwapo. Lakini fundi akisubiriwa mpaka joto lishike sawasawa, safu ile itakuwa kuni, nawe unalijua hilo kuliko mimi.

Basi nisikilize. Nekesa amenunua siki, si chupa moja. Wanyama, yule dereva jirani, ana safari ya huko kwenu Umm Salal leo, atakuletea mpaka kwenye nyumba yenu ya kampuni. Mwombe ruhusa mudiri wako, mkubwa wenu wa kazi, kwa adabu. Akikataa, mwombe tena kesho. Akikataa kesho, mwombe keshokutwa, mpaka akuchoke. Anza alfajiri, mapema, utoke kabla ya zile saa za mchana ambazo kazi ya nje imekatazwa. Ijumaa nitakuja na kiti changu cha kukunja. Kuinama siwezi tena, lakini kusugua nimeketi ninaweza, na mama yako atatupakatisha mtoto kwa zamu.

Nasaha yangu ni hii, kwako na kwa wenzako wote mliotawanyika kwenye miji ya watu. Mahali ulipopewa kazi, ifanye kama mtu atakayezeekea hapo, hata kama sanduku lako liko tayari mlangoni. Usiipunguze kwa sababu nchi ni ya mwingine, wala kwa sababu sifa itamwangukia mwingine. Kilicho hai na kimewekwa chini ya mkono wako, kinyweshe leo. Kikifa, shimo liko wazi, panda tena. Na ukiondoka, mwonyeshe anayekuja mahali mizizi ilipo.

Mungu wa babu zako akulinde na jua la nchi hii, mjukuu wangu. Aulainishe moyo wa mudiri wako. Aibariki mikono yako isichubuke bure, na vijana wale wa Najma wasio na mama karibu wapate pa kupumzisha vichwa vyao. Na popote utakapokwenda baada ya hapo, ukute kuna mtu aliyekutangulia, usiyemjua jina, aliyekutunzia mahali pa kuketi.