Nyumba Tuliyoiuza Temeke

Mume wangu alikuwa fundi cherehani Temeke, enzi za Mwingereza. Alianza kuumwa kichwa, kisha jicho la kushoto likapoteza nuru. Daktari akasema ana uvimbe kwenye ubongo, na wa kumpasua yuko Nairobi. Hatukuwa na mali ila nyumba yetu ya makuti. Tukaiuza, na matibabu yakamaliza pesa zote.

Alirudi hai, ila miezi yote ya kuumwa kwake ilikuwa imemtoka kichwani. Tulipanga chumba mtaa wa pili. Kila asubuhi alikuwa akivaa kanzu na kwenda kuketi kwenye baraza ya ile nyumba, mpaka aliyeinunua akaniita.

"Mama, mzuie mumeo. Wanangu wanamwogopa."

Nikamshika mkono tuondoke. Akaniuliza, "Mbona unanitoa kwetu?"

"Tumeiuza, baba, ili upone."

Alinitazama kama anayemtazama mwizi. "Nani alikupa ruhusa?"

Yeye mwenyewe ndiye aliyetia saini. Nilimwambia, hakusadiki.

Uvimbe ulirudi kabla ya mwaka kwisha. Alikufa akiamini nimemdhulumu, na mpaka leo hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.