Nje ya Masale

Wenzangu mliosoma shule ya msingi enzi za foleni ya sukari, sidhani kama mmeusahau unga wa yanga. Ulikuwa wa njano, ugali wake ukipoa ungeweza kumrushia mbwa akakimbia, na tuliula tukalamba vidole. Sisi tuliokulia vijiji vya juu ya Muheza, kwenye njia ya kupandia Amani, tulikuwa na nafuu kuliko watu wa mjini kwa sababu mihogo na ndizi hazikuwa na foleni. Sabuni ndiyo iliyokuwa taabu. Sare tulizifua kwa majani ya mpapai, yakatakatisha kweli, ila shati jeupe likaingia rangi ambayo hadi leo sijui jina lake. Chai tulikunywa na kipande cha muwa mkononi: unatafuna muwa, unapiga funda la chai, utamu unaukuta humo humo mdomoni. Mpwa wangu Zuhura nikimweleza haya anatabasamu kwa adabu, kisha anarudi kwenye simu yake.

Nyumbani hapakuwa na saa. Redio ya Baba ilikuwepo, lakini betri zake zilishinda zikianikwa juani, na hata hivyo taarifa ya habari ilikatika kabla haijafika mwisho. Aliyetuamsha alikuwa mbega. Kama hujawahi kumsikia mbega alfajiri, usimfikirie kima anavyopiga kelele. Mbega ananguruma. Dume mmoja anaanza, sauti nzito inatoka chini kabisa ya kifua, kisha wenzake wa msitu mkubwa kule juu wanamjibu, na bonde zima linajua kumekucha. Hapo Bibi Mwanahamisi, mama yake Baba, alikuwa anaamka, anatawadha, anaswali, halafu anakuja kutugongea mlango kwa mpini wa jembe.

"Mbega keshaamka, nyie mwangoja nini?" Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kila siku, na sikumbuki hata siku moja aliyochelewa.

Mbega hao walikaa mzimuni. Mzimu wetu ulikuwa kijisitu nyuma ya nyumba ya Bibi, mkubwa kama viwanja vitatu vya mpira, umezungushiwa masale pande zote. Kwa aliyekulia mbali, masale ni ule mmea wa majani marefu yaliyochongoka, ambao kwetu ukiuona umepandwa kwa mstari unajua hapo ni mpaka. Bibi ndiye aliyeutunza mzimu, kama mama mkwe wake kabla yake. Alikuwa mtu wa kufunga Ramadhani yote na sita za mfungo mosi juu yake, na alikuwa mtunza mzimu wa ukoo, na hayo mawili sikuwahi kuona yakimgombanisha na nafsi yake. Masharti aliyajua kwa kichwa. Huingii na viatu, hupigi mluzi, hukati hata ufito, huokoti hata kuni iliyojiangukia yenyewe.

Kutoka mzimuni hadi msitu mkubwa ulikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, na njia nzima ilifuata kijito. Kandokando ya kijito palikuwa na miti, mivule na mikuyu mikubwa iliyoshikana matawi. Sisi watoto tulipaita njia ya mbega, kwa sababu mbega walipita huko juu kwa juu, mikia yao myeupe ikining'inia, wakienda msituni kutembelea wenzao na kurudi bila kugusa ardhi. Hondohondo nao walifuata njia hiyo hiyo, na mabawa yao yakipiga kelele unayoisikia kabla hujamwona ndege mwenyewe. Walikula tunda huku wakaenda kuzidondosha mbegu kule, na mara nyingi zilitudondokea sisi vichwani.

Kwa kuwa mzimuni kucheza ni mwiko, njia ya mbega ndiyo ilikuwa uwanja wetu. Tulibembea kwa kamba za miti juu ya maji, tulicheza kombolela, tulipikapika kwenye vifuu. Mchezo mkubwa ulikuwa kulala chali na kubishana mbega yupi ni yupi. Walikuwa wanane. Dume mkubwa tulimwita Mwalimu Mkuu kwa sababu ya ndevu zake nyeupe na tabia yake ya kutuangalia kwa dharau. Watoto wa leo wanawajua simba wa kwenye video kwa majina, na nyuma ya nyumba zao hawajui mdudu hata mmoja, lakini si kosa lao, hatukuwaachia wa kuwajua.

Halafu ikaja ruksa ya biashara. Nilikuwa darasa la nne. Maduka ya Muheza yaliyokuwa yakiuza viberiti na kumbukumbu yakajaa vitu, sabuni za kunukia, vitenge, sukari bila kupanga foleni. Nguo za mitumba, kafa Ulaya, zilizokuwa zikivaliwa kwa kificho zikamwagwa chini sokoni mchana kweupe. Zaidi ya yote yakaja mabati. Kila ukitoka shuleni unakuta nyumba nyingine inang'aa. Yetu ilikuwa ya makuti, na makuti yalikuwa yamechoka. Masika tulilala tukihamisha mkeka na sufuria za kukingia maji, na daftari langu la Hisabati lililowa hadi nikachapwa kwa kuleta uji badala ya hesabu. Niliyatamani mabati kuliko nilivyotamani viatu, na sikuwa na viatu, nilikuwa na katambuga za tairi.

Mwaka huo huo akaja mnunuzi wa mbao kutoka mjini, mtu mpole, amevaa kofia ya mkono, akamwamkia Bibi shikamoo kabla hajasema lolote. Alikuwa ameiona mivule ya kijitoni. Alimwambia Baba kwamba miti ile ikiwa yake, yeye ataleta mabati ya kuezeka nyumba nzima na misumari juu. Baba alisema ardhi ni ya ukoo, na miti iko karibu mno na mzimu yeye kuamua peke yake. Neno lilikuwa la Bibi.

Jioni ile Baba akanituma mimi. Alijua anachofanya, kwani mimi ndiye niliyekuwa kipenzi. Nilikaa miguuni pa Bibi nikamkanda vifundo vya miguu kwa mafuta ya nazi, kwa muda mrefu kuliko kawaida yangu.

"Mke mwenzangu," akasema, kwa utani wake wa siku zote, "leo mikono yako laini sana. Wataka nini?"

"Kwetu kunavuja, Bibi."

"Kunavuja tangu sijazeeka."

"Nataka bati, Bibi," nikasema, na machozi yakanitoka bila kuyaita.

Asubuhi alijifunga kaniki yake, akachukua unga na nazi, akaingia mzimuni peku kuzungumza na wenyewe, wazee waliotangulia. Alipotoka alimwita Baba, mnunuzi, na sisi sote, akatembea nasi kuuzunguka mpaka mzima akigusa masale moja moja kwa fimbo. Tulimfuata nyuma tukiwa tumeshika viatu na katambuga mikononi, yule mnunuzi naye kashika vyake. Mwishoni akasimama.

"Ndani ya masale, hata jani," akasema. "Nje ya masale, hiyo ni miti tu."

Tulifurahi jamani. Hakuna aliyeona kosa. Sharti lilikuwa limelindwa neno kwa neno, mtunzaji mwenyewe ametamka, na wakataji waliishika amri ile kwa heshima ambayo sijaiona tena kwa watu wa misumeno. Hawakuangusha hata tawi moja ndani ya mzimu. Kwa wiki tatu mivule ilianguka mmoja mmoja kuanzia kijitoni kwetu hadi ukingoni mwa msitu, mikuyu ikaangushwa kupisha njia ya kuburuzia magogo, na Baba akapanda mahindi mahali pake. Mvua ya kwanza iliyopiga juu ya bati letu ilikuwa na kelele hadi hatukusikizana. Nililala katikati ya mkeka, mkavu, nikicheka peke yangu.

Mbega walibaki mzimuni. Siku za mwanzo tuliwaona wamejipanga kwenye mti wa mwisho, karibu kabisa na masale, wakiangalia yale mahindi. Mwalimu Mkuu alinguruma alfajiri kama kawaida na wenzake wa msituni wakamjibu, ila hawakuweza tena kufikiana. Mbega hajui kutembea chini. Mama mmoja alijaribu, na mwanawe kifuani, na mbwa wa kijiji wakamkuta katikati ya shamba. Waliobaki walikula majani ya mzimuni hadi matawi ya juu yakawa meupe. Wakaingia kwenye maharage ya watu, wakapigwa mawe, na mimi mwenyewe nilirusha, kwa sababu nilitumwa kulinda shamba. Hondohondo wakapunguza safari, kisha wakaacha kabisa. Kijito kikaanza kukauka kiangazi, jambo ambalo hata Bibi hakuwahi kuliona.

Bibi alihangaika. Kwa hesabu zake, mzimu ukidhoofika kuna mtu kavunja sharti. Akaukagua ndani kama askari, akitafuta kisiki, ufito uliokatwa, alama ya kiatu. Akatuhoji watoto mmoja baada ya mwingine nani alipiga mluzi. Akatambika mara mbili. Hakupata mkosaji, kwa sababu ndani ya masale hapakuwa na kosa lolote. Nilimwonea huruma sana, na nilinyamaza, maana nilikuwa nimeanza kuelewa na niliogopa kwamba nikisema, bati lile litakuwa limetoka kwenye machozi yangu.

Nilipokuwa darasa la saba alikuwa amebaki Mwalimu Mkuu peke yake. Alizidi kukonda, lakini alfajiri hakuacha kazi yake.

Kisha ikawa ile asubuhi. Niliamka jua limenipiga usoni, nikajua nimechelewa shule, nikashangaa kwa nini mlango haukugongwa. Nilikimbia kwa Bibi nikidhani amekufa. Nilimkuta ameketi kitandani, kanga begani, anauangalia mwanga uliokuwa umeingia hadi katikati ya chumba. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alfajiri ilikuwa imempita.

"Hakuniamsha," akasema.

Tulikwenda wote. Mwalimu Mkuu alikuwa chini ya ule mti wa mwisho, ndani ya masale, hana jeraha. Bibi alimfunika kwa kanga yake. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tumewalindia nyumba, tukawakatia njia. Na mwenye fimbo nilikuwa mimi." Nikalia, nikamwambia ni mimi niliyetaka bati. Akaniambia mtoto kutaka bati si kosa, akanishika mkono, tukarudi kumlipa Mungu swala yake.

Wiki iliyofuata alikata vipande vya masale akaanza kuvipanda kando ya kijito, katikati ya mahindi ya Baba, kuelekea msituni. Watu walimcheka, maana mpaka hupandwa kuzunguka kitu, na pale hapakuwa na kitu. Baba hakucheka wala hakung'oa hata kimoja. Bibi alifika nusu ya njia, miguu ikamkataa.

Leo mimi ni mtu mzima ninayeishi mjini, Chumbageni, kwenye saa za ukutani na umeme. Wataalamu wanaopita kijijini kwetu wana neno lao, wanasema ushoroba wa wanyama, yaani njia wanayopitia kati ya msitu na msitu, na wanalieleza vizuri. Tulipogawana ardhi ya Baba niliomba kile kipande cha kijitoni. Kaka zangu walinionea huruma, wakanishauri nipande mitiki. Sijapanda kitu. Nimeendeleza mstari wa Bibi hadi ukingoni mwa msitu, nikapaacha pawe pori. Machipukizi ya mikuyu yamefika kiunoni, sijui nani alileta mbegu. Sitaishi nione matawi yakishikana, na hilo nimelikubali.

Juzi nilikwenda na Zuhura tukalala nyumba ya zamani. Simu yake ililia mara tatu alfajiri na mara tatu akaizima akajigeuza upande wa pili. Mimi nilikuwa macho kitambo, nimelala chali chini ya bati lile lile, nasikiliza upande wa mzimuni. Enzi zetu kulikuwa kunavuja, na tulikuwa na wa kutuamsha. Siku hizi hakuvuji.