Nili Ndani ya Mwamba wa Mpendae

Hadithi hii hamtaiamini, na wala hamlazimishwi. Hata walioiona kwa macho yao walitaka kuikana.

Mwaka sitini na tisa, Mpendae, Unguja, Makungu mchimba visima alisimama ukingoni mwa shimo, kagoma kuondoka. Hatua thelathini tu kutoka kisima cha Bi Tabia, fundi Masoud keshachimbisha shimo la choo cha nyumba mpya, na wenye nyumba wanahamia Jumamosi. Mjukuu wa Makungu, ndo kwanza anaota meno, anakunywa maji ya kisima kile kile.

"Nshapima," Masoud alisema, akionesha kipande cha jiwe, kadiri ya andazi. "Nimekiloweka siku mbili, nikakipasua. Ndani kikavu! Mwamba huu haupitishi maji, mzee."

"Ndugu Masoud, umeonja tonge moja, ushalihukumu sinia zima? Hicho umekikata palipo pazima. Maji hupita penye ufa."

Masoud akamwaga ndoo ya maji shimoni. Yakatuama. Saa nzima hayakupungua.

Watu wakacheka. Makungu hakukubali, maana ndoo moja imelowesha chini tu. Nyufa anazozijua yeye, kwa miaka thelathini ya kung'oka kucha, huanzia kimo cha goti. Akaenda mbio Mlandege, dukani kwa Natwarlal, akanunua nili yote, ile rangi ya buluu ya kufulia kanzu. Akarudi na gari la ng'ombe, mapipa manane ya maji. Akakoroga, akamimina yote.

Maji yakapanda hadi kupita kimo cha goti. Yakasita. Kisha yakaanza kushuka, kimya kimya, kama mtu anayetoroka.

Wote wakakimbilia kisimani. Bi Tabia akateka: maji meupe. Ndoo ya pili: meupe.

"Makungu, nili hiyo si ungefulia kanzu yako, tukuone Ijumaa!" alisema, akaitupa tena ndoo kisimani.

Masoud akatazama saa. "Ikiadhiniwa alasiri, nawaita waashi walifunike shimo, watu watumie choo chao."

Ndoo ya saba: meupe. Ya nane: meupe. Adhana ikaanza. Ndoo ya tisa ikapanda; Bi Tabia akaiinamia, akaachia kamba.

Buluu.

Masoud akavua kofia, akaamrisha shimo lifukiwe pale pale. Na Makungu, simba wa Unguja, hakutosheka: akajitosa kisimani kichwa chini, akaziba nyufa kumi na saba kwa vidole vyake, huku visima vyote hadi Mbweni vikichemka buluu, na punda waliokunywa wakageuka rangi ya—

"Usi, muongo mkubwa we!" Makungu kanidakia maneno kutoka kibarazani. "Siku ile nilikaa chini nikalia."